Mzazi mpya anayekimbia pwani ya Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtoto wangu wa kwanza, wa kike, nilimzaa kusi ikiwa inamalizika. Naandika haya akiwa na miezi tisa. Naishi Jambiani, ukweni kwangu ni Konde, Pemba. Kabla ya mimba nilikuwa nakimbia kwa saa ya mkononi: dakika ngapi, kilomita ngapi, siku ngapi kwa wiki. Sasa nakimbia kwa maji. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na mashoga zangu, mawifi na kina baba wachache, iwe pwani, kliniki au kwenye simu. Yanayohusu mwili nimeyajibu kama nilivyofundishwa na mkunga na daktari wangu, na wewe uwaone wa kwako, kwa sababu uzazi haufanani.

Nimetoka arobaini. Nianze kukimbia?

Hapana, anza kutembea. Kutoka arobaini ni ruhusa ya kutoka nje, haijawa ruhusa ya mbio. Wataalamu wa mazoezi ya wazazi siku hizi wanasema mbio zisubiri angalau wiki 12. Aliyejifungua kwa upasuaji huenda akahitaji muda zaidi, kwa sababu mshono wa ndani unapona pole pole kuliko ule unaouona kwenye ngozi.

Mimi nilipewa kipimo hiki: uweze kutembea nusu saa bila maumivu, bila mkojo kukutoka, na bila kuhisi uzito chini kama kwamba kuna kitu kinashuka. Ukifika hapo, changanya. Kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara kadhaa, urudi nyumbani ukiwa bado una hamu. Damu ikirudi baada ya kukatika, mshono ukiuma, ukipata homa, mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye chafu, au kifua kikabana, hilo ni la hospitali siku ile ile.

Bibi alinikanda kwa maji ya moto na kunifunga mkaja siku zote arobaini. Nashukuru kwa kila siku. Mkaja ulinipa mgongo wa kukaa na kunyonyesha. Ila mkaja unashika tu, haujengi msuli, na ukikazwa mno unasukuma kila kitu chini. Na aliyepasuliwa asikandwe tumbo kabla daktari hajasema.

Kukimbia kwa maji ndiyo kukimbia vipi?

Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Ukitoka saa ile ile kila siku, kila siku unakuta pwani nyengine. Leo mchanga ni mpana na mgumu, raba haizami. Wiki ijayo, saa ile ile, maji yapo kwenye mizizi ya minazi na umebakiwa na mchanga mlaini unaokula miguu.

Wanawake wanaolima mwani baharini hawaulizi jedwali, wanahesabu mwezi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti yake inakaribia mita 4. Siku hizo yanajaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na yanakauka kabisa mnamo saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Ikifika tarehe 8 na 22 au siku inayofuata ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na saa zake zimegeuka: jioni ya saa 10 ndiyo yamepwa. Kwa hiyo ukiijua tarehe ya mwezi umejua pwani yako itakuwaje, na tarehe hiyo kila nyumba ya Zanzibar inayo ukutani.

Kwa mzazi hili ni jambo kubwa sana. Zamani alfajiri ikinipita nilihesabu siku imepotea. Sasa ikiwa mtoto amekesha na kulala saa 11 alfajiri, na ni siku ya bamvua, nalala naye kwa raha zangu, maana saa 3 asubuhi ndiyo kwanza ufuo unafunguka. Ikiwa ni maji mafu natoka saa 10 na nusu jioni, wifi yangu akiwa amemaliza kupika na anaweza kumshika. Siku nyengine maji na mtoto hawakubaliani kabisa, basi sitoki, na sioni kuwa nimeshindwa.

Nilikosea mara moja, mtoto akiwa na miezi mitano. Ilikuwa tarehe 17 na nikatoka saa 9 na nusu jioni bila kufikiri. Nilikwenda vizuri, upepo mgongoni. Kugeuka, mawimbi yanapiga ukuta wa hoteli moja uliojengwa hadi kwenye mchanga, na pa kupita hapapo. Ilibidi nipande, nizunguke kwenye mawe na vichaka mpaka barabara ya kijijini. Nilifika nyumbani nimechelewa dakika 50, kanzu ya mazoezi imelowa maziwa kifuani, na mtoto amelia mpaka sauti imekauka. Sitaisahau sura yake. Tangu siku ile natazama tarehe ya mwezi kabla sijafunga kamba za raba.

Nitapataje ari kutokana na miti na bahari, na akili yangu yote iko kwa mtoto?

Iache huko huko kwa mtoto. Nilihangaika sana mwanzoni nikijilazimisha "kusahau nyumba" nikiwa nakimbia, na sikuona chochote. Nilikuwa napita pwani nzima nawaza kama amelia. Kisha nikaanza kumletea majina.

Utaratibu wangu ni huu. Kila nikitoka namwambia, "Mama anakwenda kukuletea jina." Jina lazima liwe la kitu nilichokiona siku ile kwa macho yangu, na lazima nikione vya kutosha niweze kumsimulia mambo matatu. "Ndege" haitoshi. Ndege gani, alisimama wapi, alikuwa anafanya nini? Hapo utaona miguu inapunguza mwendo yenyewe na macho yanafanya kazi.

Jina la kwanza lilikuwa yangeyange. Alikuwa kwenye maji ya kina cha kifundo, mweupe mtupu, miguu myeusi lakini vidole vya manjano kama amekanyaga bizari. Nilikuwa nimemwona maisha yangu yote. Siku ile ndiyo niliona anavyoutingisha mguu mmoja chini ya maji, taratibu, ili visamaki vishtuke vitoke kwenye mchanga, kisha shingo inaruka mara moja. Nilisimama pale pengine dakika nne. Nilivyorudi nilimsimulia mtoto huku ananyonya, na mkono wangu nikautingisha hivyo hivyo, akaacha titi kunitazama.

Siku nyengine ni vile vidonge vya mchanga. Maji yakipwa, kaa wadogo kuliko ukucha wanatoka tunduni, wanatia mchanga mdomoni, wanafyonza chakula kilichomo na kuutema ukiwa kidonge kidogo. Kila tundu limezungukwa na vidonge vilivyopangwa mistari mistari kama shanga zilizotandazwa. Ukikimbia unavivunja maelfu bila kujua. Ukiinama unasikia mlio mdogo, kama wali unaokauka maji. Hilo lilikuwa jina na sauti.

Siku nyengine ni mwani: kamba kati ya vigingi, vikonyo vimefungwa kimoja kimoja. Wanaoufunga ni kina mama, wengi wao wamezaa na wakarudi majini. Mmoja ambaye huwa napita karibu na shamba lake aliniambia alirudi mtoto akiwa na miezi minne, anatoka maji yakipwa na kurudi yakijaa, ananyonyesha kabla na baada. Nilikuwa nadhani nimebuni jambo jipya. Kumbe nilikuwa nafuata saa zao.

Sasa hivi nikirudi, mtoto ananitazama mdomoni, anangoja. Kuna neno anasema, "ya-ya." Wifi yangu anasema watoto wote wanasema hivyo. Mimi naamini ni yangeyange.

Mkojo unanitoka nikikimbia. Ni kawaida?

Unawapata wengi, ila usiuzoee. Ni dalili kwamba misuli ya chini ya nyonga, inayoshika kibofu na mji wa uzazi, bado haijarudi nguvu. Rudi kwenye kutembea. Ikaze misuli hiyo kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu mpaka tano au kumi, iachie kabisa, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Fanya ukiwa unanyonyesha, hutasahau. Usifanye ukiwa unakojoa. Ikipita miezi mitatu bila nafuu, muone mtaalamu wa fiziotherapia. Nasisitiza hili kwa sababu wanawake wa kwetu wanaliona aibu, na wanaacha kukimbia, kuruka, hata kucheka, kwa tatizo lenye tiba.

Maziwa hayatapungua?

Mazoezi ya wastani hayapunguzi maziwa. Nyonyesha kabla hujatoka, matiti yawe mepesi, na vaa sidiria inayoshika. Ukirudi kunywa maji. Mimi nakunywa dafu kwanza kisha maji. Ukikamua na kuacha, joto la kwetu si la kuchezea, yaweke kwenye friji na si mezani.

Naweza kukimbia naye mgongoni?

Usikimbie naye kwa mbeleko, hata kidogo. Shingo ya mtoto mchanga haijakaza, na mtikiso wa mbio haumfai. Kutembea naye ni halali na ni raha. Vigari vya kukimbia navyo vingojee mtoto atimize angalau miezi sita na akae imara bila kushikwa, na kwenye mchanga wetu magurudumu yanazama hata hivyo. Tembea naye saa za kivuli, mwambie majina.

Naishi mjini. Nitaona nini huko zaidi ya magari na kunguru?

Anza na hao hao kunguru. Si wa asili yetu. Waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, na leo wametapakaa kuliko ndege wengine wote wa mjini. Mtazame mmoja dakika mbili anavyofungua mfuko wa takataka, uone akili yake.

Kwa kukimbia, viwanja vya Maisara alfajiri vinatosha. Kuna nyasi, kuna upepo wa baharini, na wanaofanya mazoezi ni wengi hivyo hutakuwa peke yako. Ukiwa Bububu au Beit el Ras una pwani ya magharibi, ambayo jua linazama mbele yako. Mvinje ukipata, simama chini yake upepo unapopita. Mlio wake ni wa bahari hata maji yakiwa mbali.

Jozani panafaa?

Kwa kutembea, ndiyo, hasa miezi ile mitatu ya mwanzo. Ni hifadhi ya taifa, Jozani na Ghuba ya Chwaka, tangu 2004. Unalipa kiingilio na kuongozwa, na njia ya mbao juu ya mikoko ni tambarare hata kwa aliyeshonwa. Kwa mbio sipapendi. Barabara inayopita pale ina magari ya kasi, na matuta yamewekwa kwa sababu kima punju waligongwa sana wakivuka.

Hao kima watazame wakila. Wanapenda majani machanga ya mwembe na mkungu, ambayo yana vitu vinavyowasumbua tumbo, basi wanatafuta mkaa kwenye matanuri na majikoni, wanautafuna. Mama anautafuna na mtoto wake amemganda tumboni, anamtazama, na ndivyo mtoto anavyojifunza. Niliwatazama nusu saa. Usiwape chakula wala usiwasogelee.

Pemba ni vilima vitupu. Nitakimbiaje?

Panda kwa kukimbia pole pole, shuka kwa kutembea. Watu wanafanya kinyume, lakini kwa mzazi mpya kushuka ndiko kunakotikisa nyonga na magoti. Kupanda kunatia pumzi tu.

Nilikaa Konde wiki saba mtoto akiwa na miezi minne, na nasema kwa moyo wangu wote kwamba hakuna pahali pengine palipotaka niangalie kama Pemba. Ukitoka Konde kwenda Makangale barabara inaingia msitu wa Ngezi. Joto linabadilika ghafla, kama umefungua mlango wa chumba chenye sakafu ya saruji. Miti imekutana juu. Niliingia humo kidogo tu, na wifi yangu akinifuata kwa baiskeli, na tukarudi hatujasemeshana.

Karafuu huanza kuchumwa katikati ya mwaka, na msimu ukiwa mzuri pembeni mwa njia ni majamvi tu. Asubuhi karafuu ni za kijani na wekundu kidogo. Rudi siku ya tatu na jua kali, zimekuwa kahawia na zinalia zikikanyagwa na kuku. Jamvi la mtu usilikanyage wewe, zunguka. Harufu inakuingia kwenye pumzi, na ukimaliza kukimbia nguo zako zinanukia. Nilikuwa namkumbatia mtoto nikiwa bado na harufu ile, jina likawa tayari limeshafika kabla sijasema.

Na popo. Popo wa Pemba hawapo pengine duniani. Bawa kwa bawa wanapita mita moja na nusu, na manyoya yao ni mekundu ya dhahabu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilidhaniwa wanakwisha, kwa kuwindwa na kukatiwa misitu, kisha wanavijiji wakaanza kuwalinda na wakaongezeka. Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, wanalala juu ya miti mchana kama matunda. Popo jike huruka na mtoto wake amemshika kifuani wiki za mwanzo, mpaka awe mzito wa kuachwa mtini. Nilipoambiwa hayo nikiwa chini ya mti ule, matiti yamejaa na saa ya kunyonyesha imefika, nililia. Sikuona haya.

Upepo na mvua je?

Kusi ikivuma pwani ya mashariki, anza kwa kwenda kusini, upepo usoni, ili urudi umekusukuma ukiwa umechoka. Kaskazi ni joto, toka mapema au usitoke. Masika usikimbie kwenye njia yenye maji usiyoijua chini yake. Lakini mvua ikikatika toka utembee tu, jongoo wanavuka njia. Mmoja nilimhesabia muda: njia ya upana wa hatua mbili ilimchukua dakika tatu na ushei, miguu yote inakwenda kama wimbi moja. Hilo ndilo jina alilolipenda mtoto kuliko yote, kwa sababu nilimpitishia vidole mkononi.

Watu hawasemi? Na nguo?

Wanasema siku tano, kisha wanazoea. Mimi navaa suruali pana, kanzu fupi nyepesi na mtandio wa pamba uliobanwa, na siku zote najua nani anajua nimetoka kwenda wapi. Jambo moja usiliache: salamu. Kumpita mtu mzima mbio bila shikamoo ni utovu wa adabu, hata ukiwa na mashindano kesho. Na salamu imenipa kipimo bora kuliko saa yoyote. Ukiweza kuamkia, kuuliza hali za watoto na kupokea majibu bila kuhema, mwendo wako ni sawa. Ukishindwa kumaliza, punguza.

Baba naye afuate haya?

Baba hana mshono, anaweza kukimbia kesho. Swali lake liwe jengine: mama atatoka saa ngapi? Zanzibar ina vikundi vya mazoezi kila mtaa, na kila tarehe 1 Januari vinakusanyika kwa siku ya mazoezi. Ukiwatazama, kina baba wenye watoto wachanga wamo tele. Wake zao wako wapi? Mume wangu akitoka msikitini alfajiri anamchukua mtoto mpaka saa 1 na nusu. Hajaniambia kuwa ananisaidia. Anasema anakaa na mwanawe. Naye sasa anamletea majina kutoka njia ya msikitini, mengi yakiwa ya paka.

Ramadhani?

Anayenyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto ana ruhusa ya kutofunga. Namna ya kulipa muulize shekhe wako. Ukifunga, usikimbie, tembea kidogo kabla ya magharibi.

Sijalala. Nikimbie hivyo hivyo?

Lala.

Natoka, naona vyote hivyo vizuri, na bado moyo ni mzito.

Ndugu yangu, hili lisikawie. Kulia na kuchoka siku za mwanzo kunawapata wengi. Huzuni ikizidi wiki mbili, ukakosa raha na mtoto, ukawa hulali hata yeye akilala, au ukawaza kujidhuru au kumdhuru, huo ni ugonjwa wa baada ya kujifungua na una matibabu. Mwambie mtu leo, nenda kliniki au hospitali na mtu huyo. Bahari itakungoja. Haitibu peke yake, na asikwambie mtu kuwa ungeshukuru tu ungepona.

Kesho utakimbia?

Kesho ni tarehe 16. Maji yatakuwa yamejaa alfajiri, basi nitanyonyesha, nitampa uji wake, na saa 3 nikimwona wifi anaingia uani nitafunga raba. Jina bado silijui.